Neno Tupu au Uongo? Salamu za Waswahili Mbele ya Malinowski na Sacks

Katika mambo yote ambayo mtu huyatenda kwa lugha tangu kupambazuka hata kuchwa, hakuna lililo jepesi kuliko kusalimu, wala hakuna ambalo wataalamu wamelipita kwa haraka zaidi. Vitabu vya sarufi huliweka katika somo la kwanza na kulisahau katika la pili. Wachunguzi wa mila hulitaja pamoja na mavazi na vyakula. Na wale wachache waliosimama wakalitazama kwa makini, wakitaka kujua nafsi ya mtu hufanya nini hasa anapomwuliza mwenziwe hali, wametoa hukumu mbili ambazo zimerudiwa mara nyingi mno hata zikadhaniwa kuwa ni kweli ya lugha zote. Ya kwanza husema kwamba maneno ya salamu ni matupu, hayana habari ndani yake. Ya pili husema kwamba habari imo, ila ni habari ya uongo. Hukumu zote mbili zafaa kupimwa kwa Kiswahili, kwanza kwa kuwa wenye lugha hii hutumia salamu kwa wingi na kwa uangalifu, na pili kwa kuwa makosa ya hukumu hizo hayaishii vitabuni. Yamekwisha kuingia katika hospitali na katika hojaji.

Hukumu ya kwanza ni ya Bronislaw Malinowski, Mpoland aliyefundisha London na ambaye Jomo Kenyatta alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Mwaka 1923, Ogden na Richards walipotoa kitabu chao mashuhuri juu ya maana, Malinowski aliwaandikia nyongeza kuhusu tatizo la maana katika lugha za watu aliowaita kwa jina la dharau ambalo leo limeachwa na wataalamu. Alikuwa amekaa katika visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, kati ya miaka 1915 na 1918, na huko alisikia watu wakizungumza wakati wa kupumzika maneno ambayo hayakuwa na kazi wala shauri ndani yake. Akaona kwamba hata Ulaya ni vivyo hivyo. Mtu huuliza afya ya mwenziwe, husema neno juu ya hali ya hewa, hutaja jambo ambalo kila aliyepo analiona kwa macho yake. Wala hayasemi hayo ili kuarifu, wala ili kumfanya mwenziwe atende kitu, wala ili kueleza fikira. Huyasema kwa sababu kimya cha mtu asiyejulikana hutia hofu, na neno lo lote huivunja hofu hiyo. Namna hii ya usemi aliipa jina lake la pekee, ambalo kwa Kiswahili laweza kuelezwa kuwa ni ushirika wa maneno matupu: watu huunganishwa na kule kusema, si na yale yasemwayo.

Hapana budi kukiri kwamba kwa wakati wake wazo hili lilikuwa la kishujaa. Wataalamu wengi walikuwa wakiiona lugha kama mfereji wa kupitishia fikira kutoka kichwa kimoja hata kingine, na Malinowski aliwakumbusha kwamba watu husema pia ili wawe pamoja. Ubaya ulikuja katika urithi. Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1960 juu ya elimu ya lugha na ushairi, alilichukua neno la Malinowski na kulifanya mojawapo ya kazi sita za lugha, yaani kazi ya kupima kama njia ya mawasiliano iko wazi, kama mtu agongavyo chombo cha simu kujua kwamba anasikiwa. Tena aliongeza kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ya lugha ambayo ndege wasemao wanashirikiana na binadamu. Hivi ndivyo mzee wa Pangani akaaye barazani na kuwauliza wapitao habari za usiku, za watoto na za safari alivyokuja kuwekwa tundu moja na kasuku.

Wako waliojaribu kumtoa humo. John Laver, mwaka 1975, alieleza kwamba maneno ya kufungulia na kufungia mazungumzo yana habari nyingi juu ya cheo na ukaribu wa wasemao, hata kama hayana habari juu ya mvua au afya. Ni sahihisho zuri, lakini ni la nusu njia. Bado lakubali kwamba maana ya maneno yenyewe imekwisha kufa, na kwamba kilichobaki ni alama ya nje, kama kofia ya mtumishi. Swali kama maneno yenyewe yana uhai halikuulizwa.

Harvey Sacks ndiye aliyeliuliza, na kwa hiyo hukumu yake ina uzito zaidi. Sacks alikuwa Mmarekani aliyesoma sheria kabla ya kugeukia elimu ya jamii. Alifundisha California, akafariki katika ajali ya gari mwaka 1975, mwaka ule ule ilipotolewa makala yake ambayo jina lake lasema kwamba kila mtu hana budi kusema uongo. Hoja yake ni safi, nayo inastahili kuelezwa kwa haki. Mtu anapoulizwa hali yake, asema Sacks, majibu yako ya namna tatu: jibu la wema, jibu la katikati na jibu la ubaya. Akitoa jibu la ubaya, yule aliyeuliza hawezi kulipita. Hana budi kuuliza sababu. Na akiisha kuuliza sababu, hana budi kuelezwa. Walakini shida za mtu si za kuambiwa kila mtu. Nyingine ni za mke au mume, nyingine za ndugu, nyingine za tabibu, na nyingine haziambiwi mtu kabisa. Basi mtu akiulizwa hali na asiyestahili kuambiwa shida yake, njia ya kujiokoa ni moja, yaani kutoa jibu la wema ambalo si la kweli. Huo si upungufu wa tabia yake. Ni utaratibu wa mazungumzo wenyewe unaomsukuma. Na kwa kuwa kila mtu siku moja huwa na shida, kila mtu hana budi kusema uongo.

Msomaji wa Kiswahili akiisoma hoja hii mara ya kwanza huelekea kukubali. Nani asiyewahi kujibu "nzuri" hali moyo unamwuma? Lakini akiirudia polepole, ataona kwamba ngazi yake imesimama juu ya mambo mawili ambayo Sacks hakuyathibitisha, kwa kuwa katika Kiingereza hayakuhitaji kuthibitishwa. La kwanza ni kwamba swali la salamu ni swali juu ya hali nzima ya mtu. La pili ni kwamba ubaya ukitajwa, lazima sababu iulizwe. Katika Kiswahili mambo yote mawili yana mashaka.

Lianze swali lenyewe. Katika "hujambo" na "sijambo" mna jina, jambo, la ngeli ya ji-/ma-, nalo limetanguliwa na kiambishi ambacho kwa kawaida hukaa mbele ya kitenzi cha kukanusha: si-, hu-, ha-, hatu-, ham-, hawa-. Hili ni umbo la ajabu kidogo, na maelezo yake ni mawili. Wengine husema kwamba -na- imedondoka, asili ikiwa ni "huna jambo". Wengine hulilinganisha na "u hali gani?" na "tu tayari", ambamo kiambishi cha mtu chafanya kazi ya kitenzi bila kitenzi kuwapo. Hapa si mahali pa kuamua. Iwayo yote, kukanusha kumo. Mwingereza huuliza mtu yukoje, na swali lake limefumbuliwa pande zote. Mswahili huuliza kama hakuna jambo. Na jambo, katika matumizi ya kila siku, si kila kitu kimpatacho mtu. Mtu akisema kwa sauti ya chini "kuna jambo", kila asikiaye hutega sikio, kwa maana ni tukio, ni zito, tena ni jipya. Mwenye baridi yabisi ya miaka ishirini ambaye usiku huu hakuzidiwa anaweza kusema "sijambo" pasipo kuiumiza dhamiri yake. Hakuulizwa kama ni mzima. Aliulizwa kama kuna tukio, naye amejibu kwamba hakuna.

Ushahidi ulio bora kuliko wote wapatikana mtu anaposemwa na wengine. "Watoto hawajambo" ni habari ya watoto wazima. Lakini "mgonjwa hajambo" ni habari ya mgonjwa ambaye bado yu mgonjwa. Jana alikuwa hoi, leo hajambo: homa imepungua, amekunywa uji, ameketi. Hakuna Mswahili ambaye akiambiwa hivyo atadhani kwamba mgonjwa amekwenda shambani. Basi neno hili lina maana mbili, uzima na nafuu, na ya pili hupimwa kwa siku iliyopita. Ni kipimo cha kulinganisha. Ikiwa ndivyo, "sijambo" ya mtu aliyelala kitandani haiwezi kuitwa uongo mpaka kwanza ijulikane alijilinganisha na siku gani. Ni jambo la kushangaza kwamba wafasiri wa mazungumzo, ambao hupima kila pumzi na kila kikohozi kilichonaswa katika chombo, hawakupata kusumbuliwa na neno ambalo ukweli wake wategemea jana.

Na Waswahili hawaachi neno hilo peke yake. Hulitia mkia. Sijambo kidogo, nzuri kiasi, salama tu, hivyo hivyo, si haba, namshukuru Mungu, tunaendelea. Katika vitabu vya kufundishia wageni mikia hii hukatwa ili somo liwe fupi, nayo ndiyo yenye habari. "Kidogo" hasa ni neno la hila. Likifuata "naumwa", lapunguza ugonjwa. Likifuata "sijambo", lapunguza uzima. Mtu asemaye "sijambo kidogo" amekwisha kusema kwamba anaumwa, wala hakulitaja neno la kuumwa. "Tu" ina nyuso mbili, na maandishi hayawezi kuzitenga: "nzuri tu" isemwayo kwa wepesi hufunga mlango kwa furaha, na "nzuri tu" isemwayo kwa uzito huuacha wazi kidogo. "Namshukuru Mungu" ni jibu la namna nyingine kabisa, kwa kuwa halielezi hali hata kidogo. Laeleza msimamo wa mtu mbele ya hali hiyo, na aliyefiwa na aliyepata mtoto huweza kulisema sawasawa, wote wawili wakiwa wakweli.

Tena swali si moja. Sacks alifanya hesabu yake kwa swali moja na jibu moja, lakini salamu za Kiswahili hutembea nyumba nzima. Mazungumzo ya namna hii husikika kila siku, mwanamume kijana akikutana na dada ya baba yake:

— Shikamoo, shangazi.
— Marahaba, mwanangu. Hujambo?
— Sijambo. Habari za nyumbani?
— Nzuri.
— Watoto?
— Hawajambo.
— Na mzee?
— Mzee yupo.
— Ana nini tena?
— Miguu tu, mwanangu.
— Pole sana, shangazi.
— Nishapoa.

Shangazi aliulizwa mambo matatu. Mawili aliyajibu kwa maneno yaliyozoewa. La tatu alilijibu kwa neno ambalo si jibu la swali hilo: hakuulizwa kama mzee yupo au hayupo. Kijana alilisikia pengo mahali lilipotazamiwa "hajambo", akajua. Hivyo majibu yaliyotangulia, ambayo Malinowski angeyaita matupu na Sacks angeyatilia shaka, yalikuwa na kazi ya lazima. Yaliweka mizani sawa ili uzito mdogo uonekane. Neno "yupo" lingekuwa halina maana yo yote kama "nzuri" na "hawajambo" hazikulitangulia. Ukimya juu ya ugonjwa umesema. Na umesema kwa sababu njia ya kawaida ilikuwa imenyooka.

Vivyo hivyo ndivyo unavyofaa kuelezwa ule mfano ambao wageni husimuliana kwa kicheko, wa mtu aulizwaye habari za kwao akajibu, "Nzuri, ila tumefiwa na babu." Mgeni husikia watu wawili wakisema kwa kinywa kimoja, mmoja mwenye furaha na mmoja mwenye msiba. Mswahili husikia vyumba viwili. Neno la kwanza ni la salamu: lasema kwamba aliyeulizwa amemkubali mwulizaji na anaweza kusimama akaongea. "Ila" ni kizingiti. Baada yake huanza habari zenyewe. Hakuna aliyedanganywa hata kwa nukta moja, na mahali ambapo hakuna awezaye kudanganywa ni shida kuona uongo ungekaa wapi. Sacks mwenyewe, kwa haki, hakudai kwamba msikiaji hudanganyika. Alidai kwamba jibu huchaguliwa kwa kumtazama mwulizaji na si kwa kuitazama hali. Lakini katika "nzuri, ila" mtu amefanya yote mawili kwa pumzi moja, tena kwa utaratibu ambao lugha imempa.

Linabaki lile jambo la pili, lililo kitovu cha hoja ya Sacks, kwamba ubaya ukitajwa sababu lazima iulizwe. Hapa Kiswahili kina neno ambalo lingemfaa sana kulijua. Pole huambiwa mtu aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyetua mzigo, aliyerudi safarini, atokaye kazini. Si kukiri kosa, ingawa wageni wengi hulitumia hivyo. Wala si swali. Mwenye kusema pole ameipokea shida ya mwenziwe bila kutaka kuijua. Naye aliyeambiwa hujibu "asante", au kama mtu wa pwani "nishapoa", na neno likaishia hapo. Waingereza nao wana maneno yao ya huruma, hapana shaka, lakini kwa kawaida yao hungoja sababu itajwe kwanza. Pole haingoji. Yaweza kutangulia sababu, na yaweza kukaa mahali pa sababu. Kwa hiyo abiria katika basi akimwambia jirani yake asiyemjua kwamba leo hakuamka vizuri, jirani huyo ana neno moja la kumpa ambalo ni haki kamili, kisha wote wawili hurudi kutazama dirishani wakiwa bado wageni. Ule ulazima wa kuulizana, ambao kwa Sacks ndio uwasukumao watu wote katika uongo, umepata mlango wa kutokea. Mtu aweza kusema kweli kidogo kwa bei ndogo.

Isidhaniwe kwa maneno haya kwamba Waswahili hawasemi uongo katika salamu. Hapo ndipo wakosoaji wa nyumbani huteleza, kwa kuwa kuna desturi ya kuzisifu salamu ndefu kana kwamba zenyewe ni utu, na kumlaumu kila mwenye salamu fupi kwamba ameharibiwa na mji. Mwenye deni huweza kumsalimu anayemdai kwa maneno kumi na mawili, na yote ni ukuta. Mke na mume waliokosana usiku kucha huwajibu jirani zao "salama" asubuhi, na "tu" haifuati. Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika makala ya mwaka 1995 iliyostahili kusomwa na watu wengi zaidi kuliko walioisoma, alionyesha kwamba salamu za Waswahili zaweza kuwa chombo cha kumkosea mtu adabu na si cha kumstahi tu. Kunyimwa salamu huuma. Kusalimiwa kwa namna isiyopasa huuma zaidi.

Katika "shikamoo" jambo hili ni dhahiri. Judith Irvine, mwaka 1974, aliandika juu ya Wawolof wa Senegal kwamba katika salamu zao wawili hawawi sawa kamwe: aanzaye hujishusha, na mara nyingine mtu hushindania kuanza, kwa kuwa aliyejishusha amepata haki ya kuomba. Ye yote aliyemwona mgombea wa kura akiingia kijijini na kuwatolea shikamoo hata watu wa rika lake hahitaji kwenda Senegal. Na kwa upande wa pili, mwanamke wa makamo akiamkiwa shikamoo na kijana mwenye ndevu hucheka na kumwambia asimzeeshe. Kama neno lile lingekuwa tupu, asingekuwa na haja ya kulikwepa.

Kuhusu salamu za vijana wa mijini yamesemwa maneno mengi ya uchungu, na machache ya uchunguzi. "Mambo?" huulizwa mmoja, "Poa", hujibu mwingine. Wazee wa lugha huona hapa uharibifu. Lakini mambo ni wingi wa jambo lile lile la hujambo, na poa ni ndugu ya pole na ya "nishapoa" ya shangazi. Pengine Kiingereza cha mitaani kimesaidia kulieneza jibu hilo; hata hivyo udongo ni wa nyumbani. Kijana huuliza mambo yakoje na huambiwa yamepoa, na katika hayo mna fikira ile ile kwamba mambo ni moto na uzima ni kupoa. Kilichopotea si maana. Kilichopotea ni kile kiambishi cha kukanusha, na pamoja nacho ile nafasi ya kusema "kidogo": "poa kidogo" haitoi habari ambayo "sijambo kidogo" huitoa. Hasara hiyo ni ya kweli, nayo yafaa kulaumiwa kwa jina lake badala ya kulia juu ya adabu kwa jumla.

Kuna mahali pamoja ambapo Malinowski alisema kweli tupu juu ya Kiswahili, na mahali hapo ni hoteli za pwani. Huko mgeni husalimiwa "Jambo!" naye hujibu "Jambo!", na neno hilo limepata nguvu zaidi tangu wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982 uliposambaa duniani. Kiambishi kimekatwa, swali limekatwa, jibu limekuwa mwangwi. Hapa hakuna jambo lililoulizwa wala lililokanushwa. Ni sauti ya kukaribisha, na hakuna ubaya wo wote kwa sauti ya kukaribisha. Ubaya ni kuichukua kuwa mfano wa salamu za Waswahili, na kisha kuijengea nadharia.

Hayo yangekuwa mabishano ya wataalamu tu kama watu wasingeulizwa hali zao na wenye kalamu mikononi. Hojaji nyingi za afya zina swali ambalo humtaka mtu aipime afya yake mwenyewe kwa daraja tano, tangu iliyo bora kabisa hata iliyo mbaya. Swali hilo limefasiriwa kwa Kiswahili, na ndani ya daraja hizo limewekwa neno "nzuri". Mwenye hojaji huja mlangoni, hupiga hodi, hukaribishwa, huuliza habari za nyumbani, huambiwa nzuri, huketi, hufungua karatasi zake, kisha huuliza habari za afya. Neno la daraja na neno la salamu ni moja. Mama wa nyumba ana njia gani ya kujua kwamba amekwisha kuvuka kizingiti, hali "ila" haikusemwa na ye yote? Yule mfasiri aliyatafsiri maneno kwa usahihi, wala hana lawama katika sarufi. Alilolisahau ni kwamba katika Kiswahili chumba cha salamu na chumba cha habari vina mlango kati yao, na kwamba mlango huo hufunguliwa na mwenye nyumba. Takwimu zitokazo katika maswali ya namna hiyo huenda zikawa zimehesabu salamu.

Kuna dawa, nayo si ngumu. Waganga wa zamani na matabibu wazoefu hawaulizi afya ikoje; huuliza nini kinamsumbua mtu, yaani huliuliza jambo lenyewe waziwazi. Au huuliza kwa kulinganisha: jana na leo, ipi yenye nafuu? Swali kama hilo laenda pamoja na maana ya "hajambo", na mtu hulijibu bila kuhisi kwamba ameombwa kukosa adabu. Vitabu vya kufundishia navyo vingefaidika kama vingeirudisha ile mikia waliyoikata, hata kama somo la kwanza litakuwa refu kwa ukurasa mmoja, na kama kamusi zingezitenga wazi maana mbili za "hajambo" badala ya kuzichanganya katika mstari mmoja.

Mwuguzi mgeni aliyejifunza Kiswahili katika kitabu kifupi hupita wodini asubuhi, huuliza "Hujambo, bibi?", husikia "Sijambo kidogo, mwanangu", na huandika kwamba mgonjwa yu vizuri. Mwenziwe aliyezaliwa Tanga au Lamu, akiyasikia maneno hayo hayo, huvuta kiti.